Kalenda ya Ndani ya Kabati

"Siku mtakayoniona nimekaa kitini napaka hina, msinisalimu. Huyo atakuwa si mimi. Mimi nitakuwa Kikowani, nimeshafukiwa, na nyinyi mmeshakula pilau la khitma yangu."

Shangazi yangu, Mejumaa binti Kavumbi, aliyasema hayo mwaka wa 1990, nyumbani kwa Bi Saada, Ndia Kuu, mbele ya wanawake wasiopungua arubaini. Kikowani ni makaburini, kwa asiyejua. Na wanawake arubaini wa Mombasa wakishasikia jambo, hapana haja ya kulitangaza redioni. Shangazi alipofika kwake Bondeni jioni ile, jirani alimpokea mlangoni kwa pole ya msiba.

Kilichomchokoza ni fundi mmoja wa hina, kijana, aliyekuwa ameanza mtindo wake wa kukaa kwenye kiti. Mguu wa bibi arusi anauweka juu ya meza ndogo, kama sufuria inayongoja kuoshwa. Shangazi aliona huo ni utovu wa adabu. Kwake yeye hina ilikuwa na kikao chake. Bibi arusi juu ya godoro, fundi chini mkekani, mguu mmoja ameukunja, wa pili ameunyosha, na kisigino cha mwari kimelala juu ya paja lake, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Akishakaa hivyo baada ya adhuhuri, alikuwa hainuki isipokuwa kwa sala ya alasiri, mpaka maua yapande yafike magotini. Muda wa saa tano. Wa saa sita, mwari akiwa mnene.

"Mwari ni mgeni wangu," alikuwa akisema. "Na mgeni hawekwi mezani."

Alikuwa na miaka arubaini, watoto wanne, wa mwisho akiwa Batuli, na jina kubwa kuliko mwili wake. Kila aliyeolewa kwa heshima kati ya Bondeni na Ndia Kuu alikuwa amepita juu ya paja lile.

Majivuno yale hayakutimiza miezi mitatu.

Siku hiyo alikuwa akipaka nyumba ya pili kutoka kwake. Mimi nilikuwepo, msichana wa shule, nimekwenda kwa ajili ya sambusa na siioni sababu ya kudanganya. Hina ikaisha, watu wakainuka kwenda kula. Shangazi peke yake akabaki ameinamia miguu ya mwari, anaikazia macho. Nikamwendea.

"Shangazi, wafanya nini?"

"Naangalia ua."

"Ua gani?"

"Nyamaza, uniinue."

Goti la kushoto lilikuwa limekataa. Nilimshika kwapani, yeye akamshika mwari, mwari akashika kitanda, tukainuka sote watatu kama watu wanaovuta jahazi matopeni. Njiani alinipa onyo: nikimwambia mtu, nitaolewa na miguu myeupe, bila hina.

Mwezi wa Disemba akaenda Biashara Street kununua kanga. Duka alilolizoea lilikuwa la Wahindi wa Kigujarati. Mwenye duka kwenye karatasi alikuwa mtu mmoja wa makamo, lakini aliyekalia droo ya pesa alikuwa mamake, ajuza mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, kwa lugha yao mama. Ba akamwona shangazi anavyopanda vidaraja viwili vya dukani, mkono mmoja ukutani, meno ameyauma. Shangazi alipolipa, Ba aliirudisha chini kalenda ya mwaka mpya aliyokuwa ampe, ile ya mtoto mchanga na mauaridi, akatoa nyengine chini ya meza.

"Chukua hii. Goti yako natengeneza."

Ilikuwa kalenda ya yoga. Kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa una mwanamke wa Kihindi aliyevaa suruali nyeupe, amejikunja kwa namna yake. Chini yake maandishi ya Kigujarati, ambayo shangazi hakuyajua, na ambayo hata mimi na elimu yangu yote ya baadaye, pamoja na ile nusu ya diploma, sikuyajua.

"Yafanywaje?" shangazi aliuliza.

"Kama picha," Ba akasema, akamgeukia mteja mwengine.

Hilo ndilo somo zima alilopata.

Nyumbani kulikuwa na mtihani wa pili. Mumewe, Abdulhalim, alikuwa karani wa stoo bandarini Kilindini, mtu wa maneno kumi kwa siku, na sita katika hayo ni salamu. Aliitazama kalenda, akamtazama mkewe.

"Yule mwanamke yuaabudu?"

"Yuanyosha goti."

Akafikiri. "Picha ya mtu haikai ninaposwali."

"Basi niitundike wapi? Barazani, vijana wa mtaa waje wajifunze?"

Abdulhalim akainuka. Alikwenda akaleta misumari midogo minne, akafungua kabati la nguo, akaipigilia kalenda upande wa ndani wa mlango. Mlango ukifungwa, hapana picha. Ukifunguliwa, yule bibi wa Kihindi huyo hapo, anamtazama mtu. Tangu siku ile kila mtu nyumbani alijua shangazi yuko katika shughuli yake kwa sauti ya bawaba, maana kabati lile lilikuwa kuukuu, na likifunguliwa hulia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na sijui kama mtu wa mahali pengine angelikosea hivi. Shangazi alikulia katika nyumba ambayo kila mwezi una lake. Mfungo sita una maulidi yake, mfungo tatu una kuchinja kwake, Shaabani ina vunja jungu, Ramadhani ndiyo hiyo. Hufungi Ramadhani katika mwezi wa Rajabu kwa sababu umejisikia. Kwa hivyo alipoona picha moja kila mwezi, hakuwa na swali. Picha ya Januari ni ya Januari. Siku thelathini na moja, basi.

Januari yule bibi alikuwa amekaa chini, nyayo zimekutana, magoti ameyafungua. Shangazi akakaa hivyo kila asubuhi baada ya kumpeleka Abdulhalim mlangoni, mkekani mbele ya kabati. Siku ya kwanza magoti yalisimama juu karibu na masikio. Mwisho wa mwezi yalikuwa yameshuka kiasi cha mtu kuweza kuona redio iliyo nyuma yake. Tarehe mosi Februari akakiacha kikao kile, ingawa goti ndilo kwanza limeanza kukipenda, akasimama kwa mguu mmoja, kwa sababu Februari yule bibi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Hivyo ndivyo alivyomkuta Mutanu. Mutanu alikuwa jirani wa ghorofani, Mkamba wa Machakos, mume wake Musyoka akifanya kazi reli. Alishuka kuazima chekecheo la unga, akasukuma mlango.

"Mama Batuli! Umekanyaga mwiba?"

"La," shangazi akasema, mikono juu, jicho moja ameshalifumba. "Ni Februari."

Mutanu alirudi juu bila chekecheo.

Machi alikuwa paka, amepiga magoti na mikono anapinda mgongo. Mei alikuwa upinde. Agosti alilala chali akaegemeza miguu ukutani, na Abdulhalim akazoea kuingia chumbani na kusalimia nyayo. Disemba ndio ulikuwa mwezi wa ajabu kwake: yule bibi alikuwa amelala tu chali, viganja juu, macho amefumba. Shangazi aliutafuta mkunjo kwenye picha ile siku tatu.

"Huu ni wizi," aliniambia. "Mwezi mzima wa kulala? Wahindi wamechoka mwisho wa mwaka."

Lakini goti lilirudi. Kabla mwaka ule haujaisha alipaka maharusi kumi na mmoja, wote akiwa chini mkekani, akainuka kila mara bila kushika mtu, na akahakikisha kila mtu ameona. Ilipoingia Januari ya 1992 alizirudisha kurasa nyuma akaanza upya. Tarehe zilikuwa za mwaka uliopita, lakini goti halisomi tarehe. Abdulhalim ndiye aliyesoma. Mwaka wa 1993, baada ya likizo ya wiki tatu, alifungua kabati kutafuta shati, akaangalia tarehe pale pale, akavaa, akaenda bandarini. Ilikuwa Jumapili. Askari wa getini alimpa salamu ya heshima na kumuuliza kama amegombana na mkewe. Abdulhalim alirudi akafunga mlango wa kabati taratibu.

"Bibi yako muongo," akasema. Hayo yalikuwa maneno yake yote ya siku ile.

Mwaka wa 1994, akiwa na miaka arubaini na minne, na mwanawe Batuli ameshavunja ungo zamani, shangazi akashika mimba.

Watu walicheka, na yeye akacheka nao, na akawashinda. "Mwaona haya nyinyi? Mwenye tumbo ni mimi." Lakini jioni nilimwona akipitisha kiganja juu ya tumbo lile polepole, vile anavyolainisha kanga kabla ya kuweka mguu wa mwari. Kalenda hakuiacha. Aprili ilikuwa picha ya kulala kifudifudi, kifua kimeinuliwa, na tumbo likakataa. Alisimama mbele ya kabati akabishana na yule bibi.

"Wewe hujazaa. Waonekana hujazaa. Sasa nilale wapi na huyu?"

Mwishowe akaifanya Aprili akiwa amesimama, mikono ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kuibadilisha picha, na alijisikia kama mtu aliyepunguza rakaa.

Katikati ya Mei, mimba ikiwa na miezi mitano, ikatoka.

Alikuwa mwanamume. Abdulhalim alimbeba mwenyewe, amemfunga kwa kitambaa cheupe, akaenda akamzika, akarudi, akavua kofia akaiweka kitandani, akakaa kando yake. Siku ile hata yale maneno kumi hayakutoka.

Nilihamia kwao wiki zile nipate kupika. Kabati lilinyamaza. Nguo zilitolewa sandukuni, au zilikaa kambani, ili mradi mtu asiufungue ule mlango. Kisha asubuhi moja nikiwa jikoni nachuja tui nikasikia bawaba ikilia. Nikangoja. Nikaenda.

Shangazi alikuwa amezifunua kurasa zote mpaka Disemba. Alikuwa amelala mkekani chali, viganja juu, na machozi yalikuwa yakimtiririka kwenda masikioni, naye hayafuti.

"Shangazi," nikasema, "ni Mei."

"Najua."

Nikasimama pale na bakuli la tui mkononi. Mimi nina neno kwa kila jambo. Ndio sababu walimu wangu hawakunililia nilipoondoka. Siku ile sikuwa nalo.

"Hii naiweza," akasema. "Hii peke yake."

Nilijilaza chini ya miguu yake, juu ya sakafu, kwa sababu mkeka ulikuwa wa mtu mmoja. Tui liliharibika. Hakuna aliyeuliza.

Aliifanya Disemba siku zote zilizobaki za Mei na Juni nzima. Na alipoanza kupata nguvu, ndipo ilipomjia hofu: ameuvuruga mwaka. Amekula mwezi wa mbele. Akavaa buibui lake akaenda Biashara Street, akasimama mbele ya droo ya Ba, akauliza kama mtu anayeuliza siku alizofungua za Ramadhani.

"Ba, nimeiharibu. Nimefanya Disemba mwezi wa Mei. Sasa nalipaje?"

Ba hakuelewa. "Lipa nini? Wewe hapana deni hapa."

"Kalenda. Kila mwezi na picha yake. Sasa Mei sikuimaliza, na Juni nimeiruka."

Ilimchukua Ba muda. Kisha alicheka. Alicheka mpaka wafanyakazi wakaacha kupima vitambaa, mpaka mwanawe akatoka stoo na tochi. "Miaka tatu! Moja moja! Mwezi nzima mguu moja!" Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Mama, picha iko kumi na mbili sababu miezi iko kumi na mbili. Mwaka kama iko na miezi saba, sisi napiga picha saba. Hii kalenda ya kuuza kitambaa!"

Shangazi hakucheka. Ba akaona.

"Kwa nini Disemba?" akauliza. "Mbona wewe nachagua Disemba?"

Shangazi akamwambia.

Ba aliifunga droo ya pesa kwa ufunguo, jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuliona saa za biashara, akazunguka meza, akamshika shangazi mkono akampeleka ndani kwenye marobota. Walikaa huko mpaka adhana ya alasiri. Aliyosimulia shangazi ni machache. Kwamba Ba alizika wawili, mmoja kule kwao na mmoja hapa. Kwamba zile picha ni za siku zote, kidogo kidogo, unachukua ile ambayo mwili wako unaitaka, na siku mwili hautaki lolote, unalala. Na kwamba Ba mwenyewe, akiwa na miaka sabini na moja, alifanya yake kila alfajiri akiwa amekaa kwenye kiti.

"Ni mwema yule ajuza," shangazi alisema aliporudi. "Lakini kiti! Kiti ni cha kung'olewa jino."

Baada ya hapo kalenda ikawa yake. Asubuhi nyengine bawaba ililia mara moja, akafanya Januari, Machi, kidogo ya Agosti, akafunga. Siku nyengine alifungua, akamtazama yule bibi, akasema "leo la," akafunga. Mwaka wa 1996 damu ilikoma na joto likaanza kumpanda, joto la kutoka ndani, la kumwamsha na kumtoa mkekani. Akauacha mkeka akalala juu ya saruji tupu, na akaisifu saruji kama mtu anavyosifu mkwe mwema. Akanenepa kiuno. Akapungua mashavu. Ile ya mguu mmoja aliifanya akishika kabati, kisha akiegemea kabati, na akaniambia kabati nalo lina haki ya kufanya mazoezi.

Mwaka wa 1997 ikaingia nyonga. Si goti, nyonga ya kushoto, ndani kabisa. Daktari alimpiga picha akamwambia mfupa umelika na asikae tena chini kwa muda mrefu.

"Umemjibuje?" nikamuuliza.

"Nimemwambia ahsante."

Kesho yake alikuwa Ndia Kuu, chini mkekani, ana mguu wa mtu pajani. Lakini alianza kukataa kazi. Alisema ana wageni. Alisema hina ya mwaka ule haina rangi. Wanawake wakaanza kuwaita wale mafundi wa viti, na yeye akawa anauliza kwa sauti ya mtu asiyejali: "Na ua lake la kisigino? Likoje?"

Ndipo, mwaka wa 1998, Batuli akaposwa. Batuli ni mwanawe wa mwisho, ana miaka ishirini na mbili. Arusi iliwekwa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia Disemba.

"Hatapakwa na mtu mwengine," shangazi akasema. "Na nitampaka chini. Kwa kikao chake."

Hakuna aliyebisha, maana wote tulikuwa tunaijua ile ahadi ya Kikowani, na Bi Saada alikuwa amealikwa. Miezi mitatu bawaba ililia asubuhi na alasiri. Januari, Januari, Januari. Alikuwa akikaa nyayo zimekutana, jasho likimtoka juu ya mdomo, na kuhesabu. Akafika dakika ishirini. Akafika ishirini na tano. Ya thelathini nyonga ilifunga kama mlango wa selo, na Abdulhalim, aliyekuwa akivaa kanzu, aliingia akamkuta hawezi kwenda mbele wala nyuma. Alimwinua. Jumamosi yake akaja na kigoda.

Kilikuwa kigoda kifupi, shibri mbili tu kutoka chini, kipana, miguu yake imekatwa na kupigwa msasa. Shangazi akakitazama kana kwamba kimeingia na viatu.

"Nani amekufa?"

"Hapana."

"Basi hicho cha nini?"

Abdulhalim alikitazama kigoda, akamtazama mkewe. "Cha kuwekea ndoo," akasema, akaichukua ndoo ya maji akaiweka juu yake. Na ndoo ikakaa hapo.

Wiki moja kabla ya arusi aliniita. Diploma yangu wakati huo nilikuwa nimeshaiacha katikati, kwa hivyo nilikuwa na miguu miwili na wakati wa kutosha.

"Kaa hapo kitandani. Nataka kujaribu maua ya Batuli."

Akashuka mkekani. Alishuka kwa hatua nne, kila hatua na kituo chake. Akauweka mguu wangu wa kushoto pajani akaanza na kijiti chake. Robo saa ya kwanza ilikuwa raha. Mkono wake ulikuwa ule ule, mwepesi, hina inatua ngozini baridi. Kisha nikaacha kuisikia pumzi yake. Alikuwa ameizuia. Anaizuia, anachora, anaiachia, anaizuia tena. Nikamwambia tupumzike, akaniambia mguu hauna mdomo. Alipomaliza ilibidi nimwinue kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

Akaswali alasiri ameegemea ukuta. Kisha akasimama mbele ya kigoda muda mrefu. Akaiondoa ndoo. Akakifuta maji kwa ncha ya leso.

"Lete mguu wa pili," akasema. "Na ukimwambia mtu, nitaukata."

Alikaa juu yake magoti ameyafungua, mgongo umenyooka, nyayo zimekanyaga vizuri. Ilikuwa Januari ile ile, imepandishwa shibri mbili. Pumzi ilikwenda na kurudi mpaka mwisho.

Kesho yake niliosha, rangi ikawa imekoza, nikaja nikaiweka miguu yote miwili juu ya mkeka, mbele yake. Wa kulia ulikuwa na maua. Wa kushoto nao ulikuwa na maua, lakini yalikuwa ya mtu anayeumwa. Majani yalitetemeka, na kila pale pumzi ilipozuiwa mstari ulikuwa umenenepa. Ungeweza kuyahesabu maumivu yake toka kidoleni mpaka kifundoni.

Shangazi akainama akayatazama.

"Ungekuwa wewe ndiye Batuli," akasema, "ungetaka upi?"

Mzaha ulinijia, na nikaumeza. "Wa kulia, shangazi."

Shangazi aliinuka, akalifungua kabati, akasimama mbele ya yule bibi wa suruali nyeupe ambaye kwa miaka minane hakuzeeka hata siku moja. Mlango ukalia. Akaufunga.

Siku ya hina wanawake walijaa tangu adhuhuri. Batuli alikalishwa ukingoni mwa kitanda, amefunikwa kanga nyekundu, miguu inaning'inia. Bi Saada alikuwa mbele kabisa, kwenye mto, na upande wa dirisha Mutanu na sahani yake. Shangazi akatoka jikoni. Angeweza kunipa mimi kigoda nimletee, au kukiweka mapema chini ya shuka. Alikibeba mwenyewe, mbele ya kifua, akapita nacho katikati ya watu wote, akakiweka chini, akakaa.

Sahani zikawekwa chini, hata za watoto.

"Mejumaa," Bi Saada akasema.

"Labeka."

"Si wewe uliyesema kwangu, siku tukikuona kitini, tusikusalimu?"

"Ndiye. Mbona wanisalimu?"

"Nataka kujua habari za Kikowani. Wazima?"

"Wazima, wakuamkia," shangazi akasema, anaikunja kanga mara nne juu ya paja. "Wamenipa ruhusa mpaka isha. Basi usinipotezee wakati."

Nyumba ilipasuka kwa vigelegele na vicheko. Bi Saada mwenyewe alilalia mto, mabega yanamtikisika. Shangazi alingoja watulie. Akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, akaiachia, akakichukua kisigino cha mwanawe akakiweka pale pajani, pa siku zote.

Batuli alikuwa akilia chini ya kanga.

"Usitikise mguu, mama," shangazi akamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitumiwa kwa mtu mwengine. "Niko hapa. Usitikise."

Kila saa moja alikuwa akiinuka. Alisimama akanyosha mikono juu, akapinda mgongo akashika kitanda, akasimama kidogo kwa mguu mmoja, mkono begani kwa Mutanu, huku mdomoni ana kijiti.

"Mama Batuli," Mutanu akamnong'oneza, "saa hii ni mwezi gani?"

"Yote," shangazi akasema, akarudi kukaa.

Maua yalipanda, yakavuka kifundo, yakapita muundi, yakafika magotini. Hakuna mstari ulionenepa. Adhana ya isha ilipolia alikuwa anaweka nukta ya mwisho. Akaweka kijiti kwenye bakuli, akatia viganja juu ya mapaja yake, akainuka. Hakushika kitanda, hakunishika mimi. Aliinuka wa kwanza chumba kizima, na alipogeuka kuona kama watu wameona, Bi Saada ndiye aliyekuwa bado chini, ananyosha mikono ainuliwe.

Shangazi alimwinua.

Bi Saada alipokuwa akitoka alimkuta Abdulhalim nje ya mlango, amesimama na kanzu yake, hajui aweke wapi mikono. Akamuuliza kile kigoda amekipata wapi, na kwa kiasi gani.

"Kwa seremala, hapa Bondeni," Abdulhalim akasema. "Shilingi mia mbili na ishirini."